Gharama za baada ya upasuaji wa moyo: kisa cha mdogo wangu wa Wete

Mdogo wangu wa kiume ni seremala, anaishi Wete, na alipokuwa na umri wa miaka 33 alifanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam akawekewa valvu ya chuma, yaani kilango cha kuiongoza damu ndani ya moyo. Upasuaji ulikwenda vizuri. Miezi kumi na moja baadaye, Jumatano moja asubuhi, randa ilimponyoka mkononi akiwa kazini, mdomo ukamwenda upande, na kwa muda wa kama dakika kumi alishindwa kulitamka jina la kijana anayemfundisha useremala, aliyekuwa amesimama mbele yake. Dawa zilikuwapo madukani na daktari alikuwa amemweleza kila kitu. Yeye mwenyewe alikuwa akipunguza vidonge ili kuokoa fedha, na alikuwa akituficha.

Mimi ni dada yake mkubwa, mwalimu wa skuli ya msingi Chake Chake. Naandika kwa idhini yake, na sharti lake ni kwamba nisimtaje kwa jina yeye wala mtu yeyote wa nyumbani. Nimeamua kukichambua kisa hiki kwa urefu kwa sababu naona familia nyingi za hapa Pemba zikijipanga kama tulivyojipanga sisi, yaani kukusanya nguvu zote kwa ajili ya siku ya upasuaji, kisha kila mmoja kurudi kwenye shughuli zake akiamini kwamba mzigo umeshatuliwa.

Ugonjwa wenyewe ulianza zamani, bila sisi kujua. Mama anakumbuka kwamba ndugu yangu alipokuwa na miaka tisa aliumwa koo, akapona, na baada ya wiki mbili au tatu viungo vikaanza kumvimba kwa zamu, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Alikandwa kwa maji ya chumvi na akaanza tena kucheza mpira. Madaktari huiita homa ya baridi yabisi: bakteria wa koo anayeitwa streptokokasi asipotibiwa kwa antibaiotiki, kinga ya mwili inayopambana naye inaweza kuugeukia moyo na kuziumiza valvu zake, na makovu huzidi kukakamaa mwaka hadi mwaka. Alipofika miaka 31 alikuwa hawezi kupanda kilima bila ya kusimama njiani, na usiku alilala ameegemea mito. Kwa karibu mwaka mzima alitibiwa kama mwenye pumu. Daktari aliyeusikiliza moyo wake kwa makini ndiye aliyempeleka Unguja kwenye kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, na huko ikaonekana kwamba valvu ya upande wa kushoto, ile inayotenganisha chumba cha juu na cha chini, imebana na wakati huohuo inavuja.

Fedha tulizipata ndani ya wiki tano, jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko Muscat, alituma sehemu kubwa. Wifi yangu, mke wa mgonjwa, aliuza bangili zake mbili za dhahabu bila ya kuombwa. Msikiti ulichanga, mafundi wenzake wakachanga, mama akauza ng'ombe. Fedha zilizobaki zilitokana na mikarafuu.

Hapa lazima nieleze zaidi, kwa kuwa mgogoro wote ulizaliwa hapa. Marehemu baba aliacha shamba lenye mikarafuu 48 ambalo hatukuwahi kuligawa. Kwa hesabu ya mirathi, mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, miti 6, na 42 iliyobaki ni ya watoto, wanaume wawili na wanawake wawili, kila mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: 14 kwa kaka, 14 kwa mgonjwa, 7 kwangu na 7 kwa mdogo wetu wa kike anayeishi Unguja. Hesabu hiyo kila mtu aliijua, ila hakuna aliyeiandika wala kuweka alama kwenye miti. Tulipobanwa, tulimkodisha mfanyabiashara mmoja miti 20 kwa misimu mitatu, naye akatupa fedha taslimu. Miti 20 imezidi fungu la mgonjwa kwa 6. Wakati ule hakuna aliyeuliza hiyo sita ni ya nani, kwa sababu mtu alikuwa akihema kitandani na swali kama hilo lingekuwa aibu kulitoa mdomoni.

Makosa yetu ya wiki hizo tano nayaona matatu, na makubwa zaidi ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika kalamu. La kwanza ni haraka. Wizara ya Afya ina utaratibu wa rufaa kwa wagonjwa wanaohitaji matibabu yasiyopatikana visiwani, na sisi hatukuufuata hadi mwisho kwa hofu kwamba angefariki tukiwa tunangoja karatasi. Daktari alikuwa ametwambia kwamba dawa zimemtuliza na kwamba tunazo wiki kadhaa. Tulilisikia neno upasuaji tu. Vilevile hospitali kubwa za umma zina kitengo cha ustawi wa jamii ambacho humsikiliza mgonjwa asiyejiweza, na barua ya sheha inayoeleza hali ya kaya husaidia sana mazungumzo hayo. Sisi tulikwenda kwenye kitengo hicho baada ya kulipa, wakati pa kuanzia palikuwa hapo. Kadi yangu ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza mwaka 2023 na watumishi wa umma, inanihudumia mimi na wanangu, kwa hiyo upande huo sikuwa na la kumfaa ndugu yangu.

Kosa la pili ni kwamba tuliikodisha mali inayozaa ili kulipia gharama ya mara moja, kabla ya kujua gharama zitakazokuja kila mwezi. La tatu ndilo ninalolijutia zaidi: katika ukurasa wangu wa hesabu niliandika upasuaji, kitanda, nauli ya meli na boti, malazi na chakula cha muuguzaji, kisha nikapiga mstari na kujumlisha. Chini ya mstari ule hapakuwa na kitu.

Chini ya mstari ule palitakiwa pawe na haya. Mtu mwenye valvu ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu isigande, wafarini, kila siku ya maisha yake, kwa sababu damu ikikutana na chuma huelekea kuganda juu yake, na bonge likijitenga na kupanda kichwani huleta kiharusi. Kidonge chenyewe si ghali. Ghali ni kukiangalia, kwa kuwa dozi moja haiwafai watu wote wala haimfai mtu mmoja siku zote, na kwa hiyo lazima damu ipimwe kwa kipimo kinachoitwa INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa valvu ya mahali ilipowekwa ya ndugu yangu, madaktari hutaka namba iwe kati ya 2.5 na 3.5: ikishuka, damu inaganda, ikipanda sana, mtu anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani. Mwanzoni alipimwa kila wiki, baadaye kila mwezi, na kila kipimo kina nauli yake na siku moja ya kazi iliyopotea. Kuna sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, ili homa ile ya utotoni isirudi kuzishambulia valvu nyingine, na ikikosekana hospitali hununuliwa dukani. Kuna dawa ya kupunguza maji mwilini. Kuna safari ya Dar es Salaam kila baada ya miezi sita, ambayo kwa mtu wa Wete ni gari hadi Mkoani, meli hadi Unguja, kulala, kisha boti ya asubuhi.

Tena gharama hizi zilianza wakati mapato yake yakipungua. Mfupa wa kifua uliokatwa unahitaji miezi miwili au mitatu kuungana sawasawa, na katika muda huo hakuruhusiwa kunyanyua ubao. Aliporudi kazini aligundua kwamba dawa ileile inayomlinda inamfanya atoke damu kwa urahisi. Siku moja patasi ilimkata kidogo tu kwenye kidole gumba. Alikaa na kitambaa kilicholowa tangu adhuhuri mpaka baada ya magharibi. Tangu hapo amekuwa mwoga wa msumeno, na seremala anayeuogopa msumeno huwapa wengine kazi za maana, akabaki na za kutengeneza viti vilivyovunjika.

Msimu wa kwanza wa ukodishaji mikarafuu ilizaa kwa wingi. Mikarafuu ina tabia hiyo, mwaka mmoja hujaa hadi matawi kuinama na miaka inayofuata hutoa kidogo, na ilikuwa bahati ya yule mfanyabiashara kwamba mwaka mkubwa uliangukia mikononi mwake. Majamvi yake yalianikwa mbele ya nyumba yetu siku baada ya siku. Hatuna haki ya kumlaumu, alilipa alichokubali kulipa. Lakini kaka alipopelekewa picha ya majamvi yale huko Muscat, aliandika kwenye kundi la familia la simu sentensi moja: ile sita iliyozidi ni ya nani? Sidhani kama alikusudia kumuumiza mtu. Alikuwa na deni lake huko, na alikuwa ametoa kuliko sisi sote. Hakuna aliyemjibu, nami nilikuwa mmoja wa walionyamaza.

Mgonjwa aliisoma sentensi ile. Baadaye alinieleza kwamba wiki hiyohiyo ndipo alipoanza kukata vidonge.

Niligundua kwa bahati, siku mbili baada ya tukio la randa, nilipokwenda kwake kumsaidia wifi. Dirishani palikuwa na kifuniko cha chupa chenye nusu nne za kidonge, na kando yake wembe uliofungwa kwenye karatasi ya daftari. Nusu mbili zilikuwa zimekatika vibaya, moja kubwa na moja ndogo, na vumbi la kidonge lilikuwa limeganda kwenye ukingo wa wembe. Nilimwuliza kama daktari amempunguzia dozi. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Dada, mikarafuu imekwenda kwa ajili yangu, dhahabu ya mke wangu imekwenda, ng'ombe wa mama kaenda. Nikunyooshee tena mkono kwa vidonge?" Kipimo cha damu kilichochukuliwa siku aliyopelekwa hospitali kilikuwa 1.4. Kwa miezi miwili hakuwa amekwenda kupima, kwa sababu alijua namba ingemfichua. Daktari alisema kilichompata ni kiharusi cha kupita, na kwamba hicho huwa onyo.

Nimeifikiria kauli ile mara nyingi. Mtu aliyesaidiwa kwa kiasi kikubwa mara moja hujiona ameshalitumia fungu lake la kusaidiwa. Kuomba kunamchosha mwenye kuomba kuliko tunavyodhani sisi tunaotoa, na kunamchosha zaidi pale ambapo lazima aombe kila mwezi, kila mwezi aeleze tena, na kila mwezi amsubiri ndugu aseme fedha za mwezi huu zimebana. Nilikuwa nikimwambia, "Ukikwama nambie." Nilidhani ni neno la upendo, na lilikuwa hivyo, ila lilimtaka akwame kwanza, kisha aje anieleze namna alivyokwama.

Tulikaa kikao nyumbani kwa mama Ijumaa moja baada ya alasiri, kaka akiwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza. Tulimwita ami yetu, mdogo wa marehemu baba, kwa kuwa ni mtu mzima anayejua sheria na hana fungu katika shamba. Alianza kwa kuuliza iko wapi karatasi. Aliposikia hakuna, alitukumbusha aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inayoamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, akasema kwamba amri hiyo imekuja kwa watu wanaoaminiana, maana wasioaminiana hawakopeshani.

Akachukua daftari tupu, akaligawa kwa safu mbili, zawadi na deni, na akamwuliza kila mmoja wetu, mbele ya mgonjwa, alichotoa kiko safu ipi. Zilikuwa dakika ngumu. Wifi alisema bangili ni zawadi. Kaka alikaa kimya, kisha akasema kwamba theluthi moja ya alichotuma ni deni kwa sababu na yeye alikikopa, na theluthi mbili ni zawadi. Nilimwona mgonjwa akishusha pumzi. Nilitarajia neno deni limwumize, kumbe miezi yote ile alikuwa akijihesabia kwamba anadaiwa yote. Ami aliandika kwamba deni hilo halina tarehe, kwa mujibu wa aya ya 280 ya sura hiyohiyo, ambayo inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka hali yake iwe nyepesi.

Kaka aliuliza kama anaweza kulifuta deni lile na kulihesabu kuwa ni zaka yake ya mwaka. Ami alimjibu kwamba kwa kauli ya wanavyuoni wengi haifai, kwa kuwa zaka lazima itoke mkononi na kumfikia anayestahiki. Lakini ndugu mwenye deni ni miongoni mwa wanaostahiki, maana wenye madeni wametajwa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba, na kumpa ndugu ni sadaka na ni kuunga udugu pia. Maelezo haya yalimfungulia kaka mlango ambao hakujua kama upo.

Ilibaki miti sita. Mama, aliyekuwa akikuna nazi uani huku anasikiliza, aliingia akasema, "Sita ni yangu. Thumni yangu ndiyo iliyokwenda." Ami hakuikubali papo hapo. Alisema mzazi anayempa mtoto mmoja bila wengine huwa amewapendelea, isipokuwa kama ipo haja ya kweli na wengine wameridhia, kwa hiyo akamwuliza kila mtoto, na kila mtoto akaridhia na kutia saini. Nasi tukaandika kwamba mpaka misimu ya ukodishaji imalizike, mama atapata chumo la miti sita kutoka mafungu yetu watatu, mitatu ya kaka, miwili yangu na mmoja wa mdogo wetu wa Unguja. Tulipomaliza, mama alirudi kwenye nazi yake.

Kisha ndiyo tukaja kwenye vidonge. Tuliziorodhesha gharama za mwezi zote, tukiigawa safari ya Dar es Salaam kwa sita ili nayo iwe na fungu la kila mwezi, na tukapatana kama ifuatavyo. Kaka anatuma kiasi kilekile kila mwanzo wa mwezi. Mimi natoa shilingi 30,000 siku ya mshahara, kabla sijanunua hata kilo ya mchele. Mgonjwa mwenyewe anatoa 5,000 kutoka kazini, naye ndiye aliyesisitiza. Ami aliunga mkono, nami nikaona baadaye kwamba alikuwa na haki, kwa kuwa sasa huulizia salio kama mwanachama. Fedha zote zinaingia kwenye simu ya wifi. Zingepita kwangu mgonjwa angelazimika kuniomba, na zingepita kwake zingeishia kwenye mbao. Wifi haniombi chochote: dawa zikibaki za siku kumi ananunua, tarehe ya kipimo ikifika wanakwenda. Kwenye ukuta wa chumba chao ipo karatasi yenye tarehe, dozi na namba ya INR, na mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuisoma.

Katika miezi kumi na minne iliyofuata namba imekuwa ndani ya mipaka karibu kila mara. Mara moja ilipanda hadi 4.6, na sababu ilikuwa vidonge vya kutuliza maumivu na antibaiotiki alivyonunua dukani alipoumwa jino, bila kusema kwamba anatumia wafarini. Dawa nyingi za kawaida huiongezea wafarini nguvu, na mboga za majani kama mchicha, kisamvu na matembele huipunguza zikiliwa kwa wingi siku moja na kuachwa siku nyingine. Hakukatazwa kuzila, aliambiwa azile kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Jino lilipotakiwa kung'olewa, tulimpeleka kwa daktari wa meno tukiwa na barua ya daktari wa moyo, na akapewa antibaiotiki kabla, kwa kuwa bakteria wa kinywani wanaweza kufika kwenye valvu. Binti yake wa miaka saba alipoumwa koo mwezi wa Ramadhani, baba mtu alimpeleka kituo cha afya siku ileile, kabla ya futari.

Wifi ananiambia usiku nyumba ikitulia huisikia valvu ikigonga kama saa ndogo chini ya shuka. Mwanzo ilimtia hofu. Sasa akiamka usiku huisikiliza kwanza, ndipo alale tena.

Jambo moja tulilisahau kwenye kikao, na limejitokeza mwaka huu. Mdogo wetu wa Unguja hana kipato cha kudumu, kwa hiyo hakuandikiwa kiasi chochote cha fedha. Lakini kila safari ya Dar es Salaam yeye ndiye anayempokea mgonjwa bandarini, anayemlaza, anayevuka naye kwa boti, na anayekaa naye kwenye foleni tangu alfajiri, akiwa amefunga kibanda chake cha maandazi kwa siku tatu. Katika daftari la ami jina lake lilikuwa kwenye ule mti mmoja tu wa mama. Hakulalamika, aliuliza tu, mara moja, kama safari nazo zinaandikwa. Mwezi uliopita nimemfungulia ukurasa wake, nikaanza na tarehe za safari tatu zilizopita, na siku tisa ambazo kibanda kilifungwa. Safari ijayo ni baada ya wiki tano, na kaka ameshasema kwamba siku tatu za maandazi zitahesabiwa pamoja na nauli.